Kobe Hapandi Mlima

Jumapili, 8 Machi
Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, ikakatika saa nne. Mchana Baba aliwasha Kobe tukaenda kumjaribu kwenye mlima wa tangi la maji, kama tunavyofanya kila msimu ukianza. Kobe ni gari letu la kulala: ana kitanda nyuma, sinki, jiko la gesi na mapazia yaliyoshonwa na marehemu mama. Injini yake iko mkiani na inapozwa kwa upepo, hana rejeta ya maji. Amenizidi umri. Baba ndiye anayemwendesha na hakuna mwingine aliyewahi kumwendesha.

Kawaida tunalipita lango la kiwanda cha matofali kwa gia ya tatu. Leo tulifika hapo kwa gia ya pili, na juu tulifika kwa gia ya kwanza, mtu wa baiskeli akitupita na kutupungia mkono. Baba alisema injini haijapata moto. Ilikuwa imepata.

Mvua zikiisha tunatakiwa kwenda kwa shangazi, dada mkubwa wa Baba, ng'ambo ya mlima mrefu wa barabara kuu. Gari lisiloweza mlima wa tangi halina la kufanya kwenye ule.

Jumatatu, 9 Machi
Mvua. Nimebadilisha plagi. Za zamani zilikuwa kavu, rangi ya kahawia, maana yake injini inachoma vizuri. Hakuna tofauti.

Jumamosi, 14 Machi
Fundi amekuja. Mtaani anaitwa Fundi Kesho, na jina hilo amelitolea jasho. Alisema atakuja Jumanne.

Namna yake ya kufanya kazi ni hii: anafungua kifuniko cha nyuma, anainama, anakivuta kwa kidole kile kiwiko cha kabureta kinachofungua mafuta, injini inanguruma, naye anafumba macho kama anayesikiliza redio. Leo alifanya hivyo mara kadhaa akasema injini inaimba, yeye haoni ugonjwa. Baba akamwambia ikiimba hapa uani haimsaidii, iimbe mlimani. Fundi akabadilisha platini, vile vidude viwili vinavyogusana na kuachana kutoa cheche, akapanga na muda wa cheche kwa taa.

Nilimwomba asiguse kitu kingine mpaka tujaribu. Mimi natunza maabara ya shule ya sekondari, na ukibadilisha vitu viwili kwa pamoja hujui kipi kilichoponya. Alinitazama kama mtu aliyeombwa ale wali punje mojamoja.

Jumapili, 15 Machi
Mlima wa tangi. Gia ya pili kabla ya lango. Vilevile.

Alhamisi, 19 Machi
Mvua tu. Paa la stoo linavuja pale pale pa mwaka jana.

Jumamosi, 21 Machi
Fundi amekuja siku aliyosema. Baba alimuuliza kama anaumwa.

Amepima nafasi za valvu injini ikiwa baridi. Mbili zilikuwa zimebana kidogo, akazilegeza. Kisha amepima kompresheni kwenye silinda zote, zinakaribiana, nzuri kwa mzee kama Kobe. Amezungusha magurudumu kuona kama breki zimeshika. Hazijashika. Kila anachokipima kizima, na kila kikiwa kizima Baba anakunja uso zaidi. Ameanza kusema fundi huyu ana mikono mizuri na kichwa cha kukodi.

Mimi nami namwona Fundi mzembe. Anapima vizuri lakini hajawahi kutoka uani. Nilimwambia apande naye mlimani. Akasema atapanda kesho.

Jumatano, 25 Machi
Shangazi amepiga simu. Macho yake yanakwenda. La kushoto limekwisha, la kulia daktari amempa mpaka katikati ya mwaka, labda zaidi kidogo. Hakulia. Aliongea na Baba kwa kipaza sauti nami nikiwa napiga pasi.

"Uje mapema," alisema. "Nataka nikuone. Kukusikia nakusikia kwenye simu."

Baba alijibu kwamba atakuja mvua zikikatika tu, na Kobe wake, atalala uani kwake kama siku zote. Baada ya simu nilimwambia basi la asubuhi linafika huko jioni. Akasema hajawahi kufika kwa dada yake amebeba begi kama mgeni wa semina, na hataanza mwaka ambao anatazamwa kwa mara ya mwisho.

Aliendesha lori la mikate maisha yake yote ya kazi. Sikubishana.

Jumapili, 29 Machi
Nadhani tumepata. Mwaka jana Baba aliweka zulia nene mbele, kwenye sakafu ya dereva, kuzuia makelele. Linakaa chini ya pedali ya mafuta. Niliwaza kwamba pedali inagota zuliani kabla haijafika mwisho. Nililivuta lote, tukapanda. Tumelipita lango kwa gia ya tatu, kwa shida, lakini tumelipita. Baba alipiga honi bila sababu. Kurudi alininunulia soda, akaeleza kwa kirefu jinsi alivyolishuku lile zulia tangu mwanzo.

Jumatano, 1 Aprili
Gia ya pili kabla ya lango. Zulia liko stoo, mvua inalidondokea.

Nimesoma upya nilichoandika Jumapili. Kilichobadilika kati ya siku ile na leo ni kimoja tu ninachokikumbuka: Jumapili Baba alivaa viatu vya ngozi kwa sababu alitoka mazishini. Leo alivaa ndala. Sioni uhusiano wa ndala na injini.

Jumamosi, 4 Aprili
Kabureta imetolewa, imeoshwa, imerudishwa. Chujio la mafuta jipya. Chujio la hewa limesafishwa.

Jioni tulikwenda kujaza mafuta. Kijana wa pampu alimsikiliza Baba akilalamika kwamba gari halina nguvu, akachukua ndoo ya maji kwa hisani yake na kulizunguka gari zima akitafuta pa kumimina. Baba alimwacha azunguke mara mbili. Aliporudi mbele, Baba akamwambia, "Mwanangu, gari hili hunywa upepo." Kijana akauliza kama upepo umeisha ndiyo maana halipandi. Baba alicheka mpaka tukafika nyumbani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka wiki hii.

Kushuka, ndala yake ya kulia ilibaki ndani ya gari. Alitembea hadi mlangoni mguu mtupu kwenye changarawe. Nilimpelekea.

Jumanne, 7 Aprili
Mvua. Umeme hakuna.

Jumamosi, 11 Aprili
Leo Fundi amekagua kebo ya mafuta, ule waya mrefu unaotoka kwenye pedali mbele, unapita chini ya gari lote na kuvuta kiwiko cha kabureta nyuma. Hili lingefanywa siku ya kwanza na fundi mwingine. Huyu huwa anakivuta kiwiko kwa kidole, kwa hiyo hajawahi kuihitaji kebo.

Baba alikaa kitini kwake. Fundi aliinama nyuma. Mimi nilisimama ubavuni, nikiwaona wote wawili.

"Kanyaga mpaka mwisho, Mzee."

"Nimekanyaga."

Fundi alikitazama kiwiko. Kilikuwa kimefunguka nusu.

"Mpaka mwisho kabisa, Mzee."

"Nimefika mwisho," Baba alisema. "Unataka nitoboe sakafu?"

Fundi alisimama, akafuta mikono polepole, kidole baada ya kidole, akasema basi kebo imerefuka. Ilikuwa sababu ya kueleweka. Akaweka mpya, Baba akakanyaga tena, nusu vilevile. Akaikaza kebo mpya mpaka kiwiko kikafunguka karibu robo tatu. Sasa Kobe akisimama taa nyekundu injini inanguruma peke yake kama ana hasira na mtu. Lakini lango tumelipita kwa gia ya tatu.

Fundi aliondoka bila kusema atakuja lini. Hilo si kawaida yake.

Alhamisi, 16 Aprili
Gia ya pili. Nimechoka kuandika neno hili.

Jumamosi, 18 Aprili
Nimerudi kutoka sokoni mchana nikakuta madoa sakafuni, kutoka mlango wa nyuma, kupitia jikoni, hadi sebuleni. Nilidhani ni rangi ya kutu kutoka kwenye maji ya stoo. Niliinama nikagusa. Ilikuwa damu. Madoa yalikuwa upande mmoja tu, kila hatua ya pili, na yalizunguka meza, yalisimama mbele ya redio, yakaenda dirishani, yakarudi kwenye kochi. Alikuwa ametembea nyumba nzima.

Baba alikuwa amekaa akisikiliza taarifa ya habari. Nilimuuliza amejikata wapi. Akasema hajajikata. Nilimwomba ainue mguu wa kulia, akauinua huku macho yake yakiwa kwenye redio, kama mtu anayemridhisha mtoto. Kulikuwa na skrubu kwenye unyayo wake, karibu na kidole kikubwa, imezama mpaka kwenye kichwa chake. Skrubu ndogo ya kifuniko cha kabureta. Fundi alikuwa ameitafuta wiki mbili zilizopita akaweka nyingine.

Alicheka kwanza. Alisema ndala zake zimeisha, atanunua nyingine. Nilileta maji ya chumvi na koleo. Nilimwambia itauma, ajikaze. Niliivuta polepole, kisha ikatoka kwa mpigo mmoja. Nilimtazama usoni. Alikuwa anangoja.

"Haya, vuta basi," alisema.

Nilimwonyesha skrubu ikiwa kwenye koleo. Aliitazama, akaitazama tena, kisha akaniambia kwamba vijana wa siku hizi hawaoni haya kuacha vyuma ovyo kwenye uwanja wa watu. Alizungumza juu ya hilo kwa muda mrefu. Nilimfunga bendeji nikiwa namsikiliza.

Jioni nilipiga deki. Nilikuwa nawaza juu ya viatu vya ngozi. Ni vizito, vina soli ngumu. Mguu ukiwa ndani yake unashuka kwa uzito wa kiatu, utake usitake.

Jumapili, 19 Aprili
Asubuhi hapakuwa na mvua. Baba alikuwa bado amelala. Nilichukua ufunguo nikaingia kwa Kobe na kukaa kwenye kiti cha dereva. Sikuwahi kukaa pale. Kiti kiko nyuma sana kwangu, miguu ilifika pedali kwa ncha.

Kama ningekanyaga mwenyewe nisingeweza kuwa nyuma kutazama. Nikakata mpini wa ufagio, nikausimamisha kati ya pedali na kiti, nikaukaza mpaka pedali ikashuka kabisa. Kisha nikazunguka nyuma nikafungua kifuniko.

Kiwiko kilikuwa wazi chote. Kwa jinsi Fundi alivyoikaza kebo, kilikuwa kimegota.

Kobe hana ugonjwa. Labda hakuwa nao hata siku ya kwanza. Tumembadilishia kila kitu kinachoshikika, tukamkazia na kebo ili alingane na mguu wa Baba, na mguu ukawa unaendelea kupungua. Na kwenye sakafu ile ile, pembeni mwa pedali ya mafuta, iko pedali ya breki, nayo inakanyagwa kwa mguu huohuo.

Sikutafuta maneno. Nilijua nikitafuta nitapata ya kesho. Nilikwenda kumwamsha, nikamwambia aje aone kitu nyuma ya gari.

Alikuja akichechemea na bendeji yake. Alitazama kiwiko. Anaijua injini ile kuliko Fundi, hakuhitaji kuelezwa.

"Nani amekanyaga?" aliuliza.

"Ufagio, Baba."

Alikwenda mbele, akachungulia dirishani, akauona mpini.

"Ufagio una mguu mzuri," alisema, akaingia ndani.

Jumatatu, 20 Aprili
Nilipita kwa Fundi nikitoka kazini. Alikuwa chini ya lori, akatoka alipoviona viatu vyangu. Nilimweleza. Hakushangaa, na hilo lilinichemsha. Nilimuuliza kwa nini siku ile ya kebo hakuingia akakanyaga mwenyewe, ingekuwa kazi ya dakika.

"Kiti cha Mzee? Mimi?" alisema.

Alieleza kwamba alishuku tangu Baba aliposema amefika mwisho. Alimtazama mguu akaona haujafika. Lakini angemwambiaje mtu mzima kwamba ugonjwa hauko upande wa fundi? Aliona heri aitwe mzembe. Niliondoka nikiwa nimekasirika, na nilipofika kituoni hasira ilikuwa imepungua. Nami nimekaa ubavuni mwa kiti kile miaka yote hii sijakigusa.

Jumanne, 21 Aprili
Hospitali. Daktari ni mdogo, ana umri wa wanafunzi wa kwanza kupita maabarani kwangu. Alimwambia Baba afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu, aseme akiguswa. Mguu wa kushoto Baba alisema mara chache. Wa kulia alikaa amefumba macho, amenyamaza, uzi ukigusa hapa na pale. Mwishoni akauliza, "Utaanza lini?"

Ni sukari, na imekuwapo muda mrefu bila kujulikana. Dawa zitaizuia isiendelee. Hisia iliyokwisha kupotea mguuni haiahidiwi kurudi. Daktari alimwambia asiendeshe gari. Baba alimshukuru kwa adabu sana. Njiani aliniambia mtoto yule ni wa miguu, mambo ya magari ayaache kwa wenye magari.

Jumamosi, 25 Aprili
Baba alimwita Fundi, naye alikuja saa ileile. Baba alikuwa na mpango, ameuchora. Anataka kiwiko cha mkono karibu na usukani, kivute kebo ya mafuta, mguu usihusike. Alisema aliwahi kuona trekta lenye kitu hicho. Mchoro ulikuwa mzuri, umepimwa kwa rula. Fundi aliutazama kwa heshima, akasema inawezekana. Kebo fupi, chemchemi ya kurudisha, siku mbili.

Baba akanigeukia na uso wa mtu aliyeshinda kesi.

Fundi alikuwa bado ameshika karatasi.

"Na breki, Mzee?" alisema.

Alisema kwa sauti ya chini, kama anayeuliza apewe maji. Fundi aliikunja karatasi vizuri akamrudishia Baba kwa mikono miwili, akaaga. Hakusema kesho.

Jumapili, 26 Aprili
Mvua kutwa. Baba hakutoka chumbani ila kula.

Alhamisi, 30 Aprili
Mvua. Baba anakunywa dawa. Hazungumzi na mimi wala na redio.

Jumanne, 5 Mei
Shangazi alipiga. Aliniuliza tunakuja lini. Nilisema karibuni. Aliniuliza kama mdogo wake anaumwa, nikasema mguu. Akasema, basi kila mtu na chake, Baba aje na mguu wake, yeye amtazame.

Nilimpa Baba ujumbe kama ulivyo. Alisema, "Amesema hivyo?" Ndiyo maneno ya kwanza tangu Jumamosi ile.

Alhamisi, 14 Mei
Mvua imepungua. Fundi alipita kuilegeza kebo irudi kama ilivyotoka kiwandani. Kobe sasa akisimama ananguruma kwa adabu. Nilimkaribisha chai. Namwona mtu mwingine kuliko niliyemwandika mwezi Machi, ingawa bado alichelewa.

Jumamosi, 23 Mei
Asubuhi nilisikia nyundo uani. Baba alikuwa amelala chali ndani ya Kobe, kichwa chini ya usukani, miguu nje, viatu vya ngozi. Nilidhani anaweka kiwiko chake cha mkono. Nilikwenda nimeshajiandaa kugombana.

Alikuwa anashughulika na kiti. Kiti cha dereva kinatembea kwenye reli mbili, lakini hakijasogezwa tangu aliponunua gari, na kutu imekishika. Alikuwa amemwaga oili, anagonga, anamwaga tena. Nilimuuliza nimsaidie. Akasema nimshikie tochi na nisimshauri. Tulikaa hivyo mpaka karibu adhuhuri. Mwishowe kiti kiliachia kwa mlio mkali, kikateleza mbele. Akakirudisha nyuma kidogo, akanitazama miguu, akakisogeza mbele tena.

"Kaa tuone," alisema.

Nilikaa. Nilikanyaga klachi, breki, mafuta, zote mpaka mwisho. Alizunguka nyuma kutazama kiwiko, akarudi, akasema klachi ya Kobe inataka adabu, si kama magari ya shule ya udereva nilikojifunzia, kisha akaenda kunawa mikono.

Jumamosi, 30 Mei
Tumeondoka saa kumi na mbili asubuhi. Anga safi, barabara kavu. Baba amekaa kushoto kwangu na hajanyamaza tangu langoni: nimechelewa kubadili gia, nimewahi kubadili gia, nawapa malori adabu nyingi, yule mbele anaumwa na si lazima nimsubiri apone. Nilimwacha. Kobe alikwenda vizuri.

Mlima mrefu tumeuanza saa tatu. Kona za kwanza gia ya tatu. Katikati nilishuka gia ya pili, na Baba akasema, "Sasa," nusu sekunde baada yangu, na baada ya hapo akaacha kunifundisha. Tuliendelea kupanda. Injini ilikuwa na nguvu ileile ninayoikumbuka nikiwa mdogo nimelala kwenye kitanda cha nyuma. Hatukupitwa na baiskeli.

Juu kabisa nilisimama pembeni injini ipumue upepo. Upande wa pili mabonde yalikuwa wazi mpaka mbali, na nyumba ya shangazi iko huko chini mahali. Nilimtazama Baba. Mguu wake wa kulia ulikuwa umekandamiza sakafu tupu mbele yake, goti limenyooka, paja linatetemeka. Alikuwa ameupanda mlima wote hivyo.

"Tumefika juu, Baba," nilimwambia. "Uupumzishe."

Aliinama kwanza akautazama uko wapi, ndipo akauondoa.